Shingo ya Nambari 117

Nitaanza na kosa langu, maana walioandika ripoti ya mradi walilificha ukurasa wa kumi na nne, kwa Kiingereza kitamu sana, na hawakutaja jina la mtu. Jina la mtu ni Naliaka. Mwaka wa 2005 nilikuwa fundi wa mashine ya ultrasaundi katika utafiti mmoja wa moyo huku Kajiado, na ni mimi niliyemwambia mwanamume mwenye mshipa uliokaribia kuziba kwamba yuko sawa.

Utafiti wenyewe haukuwa mbaya. Wakubwa walitaka kujua kama wafugaji waliohamia mjini wanaharibu mishipa yao kuliko wale waliobaki na ng'ombe. Badala ya kungoja watu wafe ndipo wahesabiwe, tulipima shingo. Kila upande wa shingo kuna mshipa mkubwa unaopeleka damu kichwani, na uko karibu na ngozi, kwa hiyo mashine inauona vizuri. Ukuta wake ukianza kunenepa, ujue mishipa ya moyo pia haijapona. Ukuta mzuri haufiki milimita moja. Kazi yangu ilikuwa kupaka jeli, kuweka kifaa, kutuliza picha, kupima ukuta mara tatu kila upande, na kuandika. Watu walikuwa wamechaguliwa kwa bahati nasibu kutoka orodha ya chifu, na kila aliyechaguliwa alipewa kadi yenye nambari. Mimi niliona nambari tu. Majina yalikaa kwenye daftari lingine.

Halafu kulikuwa na kanuni: fundi hamsomei mtu matokeo. Dkt. Macharia, mkuu wa utafiti, alitueleza siku ya kwanza kwamba fundi si daktari, na neno moja la ovyo linaweza kumtia mtu hofu ya bure. Alikuwa na haki. Lakini alitupa pia fomu nyekundu, ya kujaza ukiona jambo la hatari, na akasema ukiijaza umpigie simu. Nusu hiyo ya pili ndiyo niliyoisahau. Nasema niliisahau kwa sababu neno jingine linaniuma zaidi.

Nambari 117 aliingia Jumatano moja, Bisil, katika chumba tulichoazimwa pale zahanati. Nje foleni ilifika kwenye lango, na jenereta lilikuwa linakohoa. Alikuwa mrefu, ana kovu kidevuni, shati limepigwa pasi na viatu vya ngozi. Kadi yake ilisema mfugaji. Mfugaji gani huyu mwenye mafuta ya grisi kwenye kucha? Niliona, nikapita. Kulikuwa na watu ishirini nje.

Upande wa kulia ulikuwa na unene kidogo, si wa kutisha. Nilipohamia kushoto mkono wangu ulisimama wenyewe. Kulikuwa na uvimbe ndani ya mshipa, laini, wenye kingo zilizochanika, na njia ya damu imebaki uzi. Nikawasha sauti. Damu ya mtu mwenye afya hupita kwa mvumo, kama mtu anafagia uwanja. Ya huyu ilipiga filimbi ya birika linalotaka kuchemka.

"Daktari," akasema, macho kwenye dari.

"Mimi si daktari, mzee."

"Sawa. Niko na rafiki yangu. Jicho yake ya kushoto inafunganga. Kama mtu amevuta pazia. Dakika mbili, tatu, alafu inafunguka yenyewe. Hiyo inaweza kuwa ni kitu ya shingo?"

Nilijua jibu. Hata mwanafunzi wa mwaka wa pili angejua. Kipande kidogo kinabanduka kwenye uvimbe, kinapanda na damu, kinaziba jicho kwa dakika chache, kinayeyuka. Kipande kinachofuata kinaweza kuwa kikubwa, na kisisimame kwenye jicho. Na nilijua hakuna rafiki.

"Huyo rafiki yako aende hospitali ya macho kwanza," nikasema.

"Na mimi je?"

Nikampangusa jeli shingoni na kitambaa. Nikatabasamu. Nalikumbuka lile tabasamu na natamani kujizaba kofi.

"Wewe uko sawa, mzee. Majibu utaletewa."

Akashusha pumzi kifua kizima. Akanishukuru kwa Kimaasai, akaniombea kwa Mungu, akatoka kwa hatua za mtu aliyetuliwa mzigo. Nikajaza fomu nyekundu kwa herufi kubwa, nikaiweka kwenye bahasha ya picha za wiki hiyo, na nikaita 118. Nilijiambia kazi yangu imekwisha. Jioni nilirudi kwangu Kitengela, nikapika ugali, nikala vizuri kabisa.

Bahasha iliondoka Ijumaa. Jumatatu ilikaa mezani kwa mtu, Jumanne hivyo hivyo, kisha ikaja sikukuu. Simu ya Dkt. Macharia ilinipata Ijumaa iliyofuata saa mbili asubuhi, siku ya kumi, nikiwa Bisil nafungua sanduku la mashine.

"Naliaka, hii 117 ni nini?"

"Ni vile umeona, daktari."

"Na uko na simu?"

"Niko nayo."

Hakunifokea. Angenitukana ningeshukuru.

"Mtafute sasa hivi. Mpe aspirini atafune. Asiendeshe kitu, asibebe kitu, asikae peke yake. Mlete Nairobi leo, nimeshaongea na daktari wa upasuaji. Jina lake ni Leshan, boma liko upande wa kusini mwa Bisil, dereva wako aulize kwa chifu. Na Naliaka, mwambie ukweli wote."

Dereva wetu alikuwa Hiram, mtu wa makamo kutoka Ngong, mpole, anayeendesha Land Cruiser ya mradi kama amebeba mayai. Siku hiyo nilimwambia asahau mayai. Tulitimua vumbi nusu saa, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nitaanza na pole. Hapana, nitaanza na aspirini. Kila sentensi niliyoitunga ilinifanya nionekane mwema, nikaitupa.

Bomani alitupokea mwanamke mwembamba mwenye shanga shingoni, Nashipae, mke wa mwenye boma. "Takwenya," akanisalimu, nami nikamjibu "Iko," kwa haraka isiyo na adabu. Nikamwambia namtaka Leshan. Akaita. Kutoka zizini akaja mwanamume mfupi, mnene, mwenye pengo la meno ya chini, amejifunga shuka, fimbo mkononi.

"Namtaka Leshan," nikarudia.

"Ni mimi."

"Siyo wewe."

Hiram akakohoa. Yule mwanamume akanitazama juu mpaka chini, akacheka.

"Mama, hii jina nilipewa na baba yangu. Wewe unanipokonya?"

Akamtuma Nashipae ndani, akaleta kitambulisho. Picha yake, jina lake. Akatoa na kadi yetu, ile ya 117, imekunjwa mara nne. Nikaisoma nambari tena. Mimi nilikuwa na shingo, picha na nambari, na mwenye shingo alikuwa mtu mwingine asiyejulikana popote katika madaftari yetu.

"Nani alikuja na hii kadi?"

Leshan akaacha kucheka. "Ni mwenzangu."

"Mwenzako nani?"

"Wa rika yangu. Tulitahiriwa pamoja, tukakaa manyatta ya morani pamoja. Hiyo siku nilikuwa na ng'ombe mgonjwa, na mimi hiyo mashine yenu sikuwa naitaka. Yeye alikuwa anaitaka. Akaniomba kadi. Mtu wa rika yako akikuomba kitu, utasema nini? Nikampa."

"Lakini tulikuwa tunataka wewe!"

"Mimi na yeye iko tofauti gani?" akauliza, na aliuliza kwa dhati. Kwake wawili hao walikuwa kitu kimoja tangu ujana. Walikula pamoja, kila mmoja aliingia nyumba ya mwenzake bila hodi, na kama serikali ilitaka Leshan mmoja, alikuwa ametuma Leshan.

"Mzee, niambie jina lake."

"Hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Alinikataza. Alisema nisitaje jina yake kwa watu wa hospitali, hata wakija na gari. Nikakubali."

Nilipandisha sauti. Mimi nikikasirika nasikika mpaka boma la tatu, na mbuzi walihama upande wa pili wa zizi. Nikamwambia huyo mwenzake ana mshipa ulioziba, damu inapita kwa tundu la sindano, anaweza kuanguka leo hii na asiamke, au aamke asiweze kutamka jina la mama yake. Nashipae akafunika mdomo kwa mkono. Leshan alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa.

"Wewe ndiye ule mama wa mashine?" akauliza polepole.

"Ndiye mimi."

"Alirudi hapa hiyo jioni akiimba. Alisema mama wa mashine ameona shingo yake yote na amesema yuko sawa. Tukachinja mbuzi. Sasa unaniambia nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kunivua nguo hadharani, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Hiram alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilimdanganya," nikasema.

Leshan akasema neno moja kwa Kimaasai na mkewe akamjibu kwa maneno mengi, ya haraka, na makali. Sikuelewa hata moja ila nilielewa yuko upande wangu. Mwishowe mumewe akachukua shuka la pili, akafungua mlango wa gari mwenyewe, akakaa mbele kando ya Hiram.

"Jina sitasema," akatangaza. "Lakini hakunikataza kuonyesha njia. Enda Bisil, sokoni. Anaendeshanga lori ya ng'ombe."

Hapo ndipo nilipoelewa zile kucha, na lile jicho, na kwa nini alihitaji kadi ya mtu mwingine. Dereva wa lori anayefumbwa jicho dakika tatu hawezi kwenda zahanati akasema hivyo kwa jina lake. Neno likifika kwa mwenye lori, kazi imekwisha. Akaazima jina, akaja kuuliza kwa siri, na mimi nikampa ruhusa ya kurudi barabarani. Siku kumi alikuwa anapanda na kushuka barabara ya Namanga na kibali changu.

Sokoni vumbi la ng'ombe lilikuwa limejaa hewani na watu walikuwa wanapatana bei kwa kelele. Leshan aliongea na mzee mmoja, akarudi anakimbia, na mtu mnene akikimbia hujui kama ucheke. Sikucheka.

"Ametoka. Nusu saa. Lori ya blu, ng'ombe kumi na nane, wachungaji wawili nyuma. Anaenda Kitengela, kwa kichinjio."

Hiram alishika barabara ya lami na hakuuliza kitu. Nilitaka kumpigia simu, lakini Leshan hakuwa na nambari ya mwenzake, na mzee wa sokoni pia hakuwa nayo. Nikabaki kuhesabu. Lori lenye ng'ombe halikimbii sana, na tungeweza kulipata kabla ya Isinya. Kila lori lililotokea mbele nilishika kiti cha Leshan. Moja lilibeba mchanga, jingine magadi. Kila penye watu wamesimama kando ya barabara nilidhani wanatazama ajali.

Kajiado kulikuwa na kizuizi cha polisi. Hiram akapunguza mwendo, na askari akaja dirishani. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni: kuna lori la blu, dereva ni mgonjwa, piga simu Isinya wamsimamishe. Leshan akageuka, akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukiambia polisi, leseni imeenda," akaninong'oneza. "Hata akipona, amekufa."

Askari alikuwa anangoja. Nilimtazama, nikamtazama Leshan.

"Afande, lori ya ng'ombe, ya blu, imepita hapa?" nikauliza.

"Dakika kumi na tano hivi. Mnadai yeye kitu?"

"Ni jamaa yetu," akasema Leshan.

Tukaondoka. Nilinyamaza mara ya pili, na safari hii nilikuwa najua kabisa ninachofanya. Barabarani kulikuwa na watoto wa shule, wanawake wenye mitungi, na wachungaji wawili waliosimama juu ya lori kati ya pembe za ng'ombe wakiamini mtu aliye kwenye usukani anaona pande zote mbili. Kama lori lingewaangukia, ningesema nini? Kwamba niliheshimu leseni ya mtu? Niliwakasirikia wote, Leshan, chifu na bahati nasibu yake, mwenye lori nisiyemjua. Hasira yangu ilizunguka ikarudi kukaa kwangu.

Isinya tulipita bila kusimama. Mbele yake barabara inanyooka katikati ya uwanda, unaona mbali mpaka macho yanachoka. Leshan akanyoosha fimbo.

"Ule pale."

Lori la blu lilikuwa linakwenda vizuri, upande wake, mwendo wake. Nikaanza kupumua. Kisha gurudumu la kushoto likatoka kwenye lami. Vumbi likapanda kando, mita ishirini, thelathini, hamsini, na lori likaendelea vivyo hivyo kana kwamba hakuna anayeona. Wachungaji juu wakaanza kupiga paa la kichwa cha lori kwa viganja. Likarudi kwenye lami kwa kishindo, ng'ombe wakayumba.

"Piga honi!" nikapiga kelele. Hiram alikuwa ameshaipiga, na taa pia. Leshan akatoa nusu ya mwili wake dirishani, shuka jekundu likipepea, akawa anaita kwa sauti ya malishoni. Nilimshika kiuno asije akaanguka. Lori likapunguza. Likawasha taa ya kando kwa ustaarabu wote, likaegesha.

Dereva alishuka kwa miguu yake miwili, mrefu, kovu kidevuni. Akamwona Leshan akacheka. "Sopa!" Kisha akaniona mimi na kicheko kikafa.

"Hata jina lako sijui," nilimwambia.

Alimtazama Leshan, naye Leshan akatikisa kichwa: sikusema. "Naitwa Tajeu," akajibu mwenyewe. "Ni nini?"

Nilimwambia yote pale kwenye kokoto, bila pole na bila utangulizi. Nilimpa aspirini akaishika tu mkononi.

"Ulisema niko sawa."

"Nilisema."

"Ulikuwa umeona?"

"Nilikuwa nimeona."

"Sasa kwa nini?"

"Niliogopa," nikasema. "Kulikuwa na kanuni, kulikuwa na foleni. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa kukuambia."

Akatazama aspirini kiganjani. Nilitamani anipige. Akaitafuna aspirini, akakunja uso kwa uchungu wake, akageuka kupanda lori.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Nimebakisha kama kilomita ishirini. Hii ng'ombe ni ya watu, na jua inawaka. Nikishusha, nitakuja."

"Jicho lilikuwa limefunga sasa hivi! Umetoka barabarani!"

"Imefunguka."

Nilimshika shati. Akanibandua mkono kwa upole, kama unavyombandua mtoto. Hapo Leshan akasogea, akasimama mbele ya mlango wa lori, mfupi, pumzi zinamkata.

"Nipe funguo."

"Leshan, toka."

"Hiyo siku ulikuja kwangu ukaniomba kadi. Nilikuuliza ni ya nini? Sikukuuliza. Nilikupa. Sasa mimi ndiye naomba. Nipe funguo."

Walisemezana kwa lugha yao, chini chini, nyuso karibu. Sijui walisema nini na sikuuliza. Wachungaji wale wawili walikuwa wameinama juu ya ubao wanatazama, na magari yalitupita yakipiga honi. Tajeu alifumba macho. Akatoa funguo kwenye mfuko wa shati, akaziweka kwenye kiganja cha mwenzake.

Hiram akachukua lori. Land Cruiser ikabaki na mimi. Leseni ninayo; uzoefu ndio sina. Nilizima injini mara mbili kabla ya kurudi kwenye lami, na Tajeu, aliyekaa mbele kando yangu, hakuvumilia.

"Mama, hiyo ni gari ama ni punda? Kanyaga klachi mpaka chini. Sasa gia ya pili. Polepole. Achilia."

"Nimeachilia."

"Ya tatu. Usiangalie gia, angalia barabara."

Leshan nyuma akacheka, na mimi nikacheka, kicheko cha woga. Nilianza kuamini. Kitengela dakika kumi na tano, halafu Athi River, Barabara ya Mombasa, daktari anangoja. Tajeu alinifundisha jinsi ya kulipita trekta, alinikemea nilipokaa katikati ya barabara. Nyumba za kwanza za Kitengela zilionekana, mabati yanang'aa, na watu wakaanza kuwa wengi barabarani.

"Hapa punguza," akasema. "Kuna matuta. Rudi ya pili. Kanyaga... kanyaga kijiko."

"Kanyaga nini?"

"Kijiko. Kanyaga... ya... ile ya... kijiko."

Nilimtazama. Upande wa kulia wa mdomo wake ulikuwa umeshuka. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya paja, kiganja juu, na alikuwa anautazama kama kitu mtu amekisahau hapo. Akajaribu tena kusema na ikatoka sauti tu. Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Alijua. Hilo ndilo baya kuliko yote, alijua kila kitu kilichokuwa kinamtokea.

Leshan alimkumbatia kutoka nyuma ya kiti, mikono miwili kifuani, akawa anaita jina lake. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akilitaja. Mimi nilipita katikati ya soko la Kitengela na mkono kwenye honi, gia ya pili, injini inalia, machozi yananiziba, na njia nzima mpaka Nairobi sikujua kama ninayempeleka ni mgonjwa au maiti.

Alikuwa mgonjwa. Hakufa. Walimlaza, na walipoona ametulia wakampasua shingo wakautoa ule uvimbe, ambao Dkt. Macharia alinionyesha ukiwa kwenye chupa, kitu kidogo cha manjano, hakizidi punje ya mahindi. Akaniambia nilifanya vyema kumfikisha. Nikamwambia asinipake mafuta. Mradi ulifuta 117 kwenye hesabu kwa sababu shingo na jina havikulingana, na mimi niliacha kazi kabla ya Krismasi. Hakuna aliyenifukuza.

Ilinichukua mpaka Februari kupata moyo wa kwenda kwake. Anakaa nje kidogo ya Bisil, nyumba ya mabati, na alikuwa ameketi kivulini mwa ukuta, mkono wa kulia umewekwa juu ya mto. Leshan alikuwepo. Alikuwa anafika kila siku asubuhi, akimnyoosha vidole kimoja kimoja kama walivyofundishwa hospitali, na akimwuliza majina ya vitu. Maneno ya Kimaasai yalikuwa yameanza kurudi, akaniambia, kidogo kidogo: maji, ng'ombe, mama. Kiswahili kilikuwa kimekwenda chote.

Nilikuwa nimebeba sukari na majani ya chai, na hotuba niliyoitunga njia nzima kutoka Kitengela. Nikaketi kwenye kiti walichonipa. Tajeu alinitazama kwa yale macho mazima, akainua mkono wa kushoto kunizuia nisianze. Mdomo wake ukafanya kazi. Ulijaribu, ukakosa, ukajaribu tena, jasho likamtoka kwenye paji la uso, na Leshan akasogea kwenye kiti chake lakini hakumsaidia.

"U... nge... sema," akasema.

Akashusha mkono, amechoka.

"Hiyo neno," Leshan akanieleza, huku akimfuta mate kwa pembe ya shuka, "amefanya mazoezi wiki tatu. Niliuliza ni ya nani, akanionyesha shingo. Tulijua siku moja utakuja."

Nilibaki na sukari yangu magotini. Hotuba yote ilikuwa bado iko kichwani, imepangwa vizuri, na sikuitoa.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ningesema."